Kopo la Maji la Mashine ya Kahawa, na Sababu ya Kulinunua



Katika mkutano mkuu uliopita mzee wetu mmoja alisimama akauliza swali, na swali lake halikupata jibu la kutosha, kwani jua lilikuwa lakuchwa na watu walitaka kuwahi sala ya Magharibi. Alisema: "Katibu, mwanangu, maji ya kisima chetu ni meupe kama kioo. Sisi twayanywa, na wazee wetu waliyanywa. Sasa naona katika hesabu fedha za makopo ya kuchujia maji ya mashine ya kahawa, leo kopo, kesho kopo. Makopo hayo yachuja nini, na maji hayana hata unyasi?" Watu walicheka, na nyuma nikasikia mtu akisema kwa sauti ndogo kwamba labda yachuja fedha za wanachama.

Swali hilo ni la haki. Mashine ile ilinunuliwa kwa michango yenu mwezi wa Juni 2023, ili wageni wanaokuja kutembezwa katika mashamba ya viungo wapate kahawa katika baraza letu, na faida irudi katika mfuko wa Chama. Mwezi wa Novemba 2024 ilikufa, na kuitengeneza kulitugharimu zaidi ya bei ya makopo ya miaka miwili. Nina deni la kuwajibu, na deni hilo ni kubwa kuliko alivyodhani mzee wetu, maana katika kufa kwa mashine ile lilikuwamo kosa langu mwenyewe. Nitalieleza mahali pake. Kwanza tutazame maji.

MAJI MEUPE YANA KITU NDANI YAKE

Mzee wetu alisema kweli. Maji magumu kama yetu hayamdhuru mnywaji kwa ugumu wake, na Shirika la Afya Duniani halikuweka mpaka wa ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Hatuyachuji kwa kuogopa takataka. Twayachuja kwa sababu ndani ya maji yale meupe mna jiwe.

Jiwe hilo laingiaje? Mvua inaponyesha, maji yake hayana chokaa. Yanapopita angani, na zaidi yanapopenya katika udongo wa mashamba, huchukua hewa ya ukaa, ile ile tuitoayo puani, kwani mizizi ya mikarafuu na vijidudu vya udongoni navyo vyapumua. Maji yenye hewa hiyo hupata ukali mdogo sana, hata ulimi hauutambui. Lakini sehemu kubwa ya kisiwa chetu cha Unguja chini yake pana jiwe la chokaa, lililotokana na matumbawe na viumbe wengine wa bahari ya zamani, na kwa jiwe hilo ukali ule mdogo watosha. Maji hulila kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na jiwe likisha yeyuka halionekani tena, kama chumvi isivyoonekana katika mchuzi. Aliyeingia katika mapango ya Kiwengwa ameiona kazi hii kwa macho yake: maji yametoboa jiwe mahali pamoja, na mahali pengine, yanapodondoka kutoka juu, yamelirudisha jiwe lile likaning'inia kama mishumaa.

Nikisema chokaa katika maelezo haya nakusudia jiwe lenyewe kabla ya kuchomwa tanurini, si ile chokaa ya kujengea.

Maji yaliyobeba jiwe namna hii huitwa maji magumu. Kila afuaye nguo ayajua: sabuni haitoi povu upesi, na juu ya maji hubaki utando. Ugumu hupimwa kwa miligramu za chokaa katika lita moja. Chini ya 60 ni maji laini, 60 hadi 120 ni ya kiasi, 120 hadi 180 ni magumu, na yakipita 180 ni magumu sana. Wajerumani wana kipimo chao cha digrii, na makopo mengi yameandikwa kwa kipimo hicho. Digrii moja ni miligramu 17.8. Tulipopima maji ya kisima cha Chama tulipata digrii 16, yaani kama miligramu 285 katika kila lita. Basi yetu ni magumu sana.

MOTO HUFANYA NINI

Jiwe lile hukaa limeyeyuka madhali hewa ya ukaa imo majini. Ukiyapasha maji moto, hewa ile hutoka ikaenda zake, na jiwe halina budi kurudi kuwa jiwe. Hushika pale penye moto zaidi. Huo ndio ule weupe mgumu mnaouona ndani ya birika. Mimi nauita ukoko wa chokaa, maana umefanana na ukoko wa wali: hushika chini penye moto, na hautoki kwa kusuuza.

Katika birika la nyumbani, au katika dele la muuza kahawa, ukoko si msiba. Kifuniko hufunguka, mkono huingia, na mwenye chombo hukisugua siku apendayo. Mashine ya kahawa ni jambo jingine. Ndani yake mna tangi dogo la kuchemshia, ambalo mafundi huliita boila, na ndani ya boila mna koili ya umeme. Maji ya mvuke humo hufika kama digrii 120 za joto, kwa kuwa yamefungiwa na hayana pa kutokea. Maji ya kupitisha katika kahawa huwa kati ya digrii 90 na 96, na pampu huyasukuma kwa nguvu nyingi, kiasi cha mara tisa ya uzito wa hewa inayotuzunguka. Njia zake ni vijibomba na vitundu, na vingine ni vyembamba hata sindano ya kushonea magunia haipiti. Huko mkono hauingii.

Ukoko ukianza katika mashine hiyo huleta madhara matatu.

Kwanza, huziba njia. Kikombe kilichokuwa kikijaa kwa nusu dakika huchukua dakika nzima, na kahawa hutoka chungu, imeungua.

Pili, huzuia joto. Ukoko hupitisha joto kwa shida, zaidi ya mara mia kuliko shaba. Koili iliyovikwa ukoko ni kama mtu aliyevishwa mablanketi mchana wa kaskazi: joto lake halitoki. Umeme hupotea bure, maji huchelewa, na koili yenyewe huzidi kupata moto mpaka inapasuka au kuungua.

Tatu, hudanganya mashine. Mna kijiti cha chuma kinachopima kama boila lina maji au limepungua. Kikivikwa ukoko husema uongo. Na zile vali zinazofunga na kufungua hubanwa na vipande vya ukoko, zikawa hazifungi barabara.

Mtu atauliza: ukoko huo ni kiasi gani hasa? Twaa hesabu ya baraza letu. Mashine hutumia kama lita 20 kwa siku, pamoja na mvuke wa maziwa na maji ya kusuuzia. Lita 20 mara miligramu 285 ni gramu 5 na kitu, kiasi cha kijiko kimoja cha chai cha unga wa jiwe. Hufungua siku 25 kwa mwezi, yaani siku 300 kwa mwaka, basi jiwe lipitalo katika mashine ni zaidi ya kilo moja na nusu. Si lote litakalobaki ndani; jingi hutoka pamoja na kahawa, na wageni hulinywa bila madhara. Lakini hata tukisema ni robo yake tu inayobaki, ni zaidi ya gramu 400 za jiwe kwa mwaka mmoja, katika boila ambalo mtu aweza kulikumbatia kwa mkono mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni mashine yetu.

KOPO HUFANYA KAZI GANI

Wengi hudhani kopo lile, ambalo mafundi huliita katriji, ni chujio kama kifumbu cha tui: maji hupita, machicha hubaki. Sivyo. Tia chumvi katika maji, ukoroge, kisha uyapitishe katika kifumbu au katika kitambaa kizito upendacho, halafu uonje. Chumvi ingalimo. Kilichoyeyuka hakichujiki kwa tundu. Chahitaji kushikwa.

Namna ya kukishika iligunduliwa na wakulima, jambo ambalo sisi wenye mashamba yafaa tulifurahie. Huko Uingereza alikuwako mkulima aitwaye H. S. Thompson, naye alitaka kujua kwa nini mbolea haioshwi yote na mvua ikapotea. Alijaza udongo katika bomba, akamimina juu yake maji yenye chumvi ya amonia, ambayo ni mbolea, akayatazama yaliyotoka chini. Amonia ilikuwa imebaki katika udongo, na badala yake maji yalitoka na chokaa. Mwaka 1850 habari hiyo ilitangazwa, na mtaalamu wa kemia J. Thomas Way akaichunguza zaidi, akaonyesha kwamba udongo hushika kitu kimoja na kuachia kingine mahali pake. Ni biashara ya mali kwa mali. Ndiyo sababu samadi tutiayo chini ya mikarafuu haiishi yote kwa mvua ya masika moja: udongo wa mfinyanzi huishika, ukaitoa polepole kwa mizizi.

Mwaka 1935 wataalamu wawili wa Uingereza, Adams na Holmes, walifanya kitu cha viwandani chenye tabia hiyo hiyo ya udongo, kiitwacho rezini. Siku hizi hufanywa punje punje ndogo za mviringo, na hizo ndizo zilizojaa katika kopo la mashine yetu. Ukilitikisa kopo lililokwisha kazi na kukaushwa, utazisikia.

Kila punje imebeba hidrojeni. Maji yanapopita, punje huiachia hidrojeni na kuikamata kalsiamu, ambayo ndiyo asili ya jiwe la chokaa. Hidrojeni ile huungana na sehemu nyingine ya jiwe iliyobaki majini, zikageuka kuwa maji na hewa ya ukaa. Basi maji yanayotoka hayana tena cha kufanya ukoko, au kimebaki kidogo. Katika kopo hilo hilo aghalabu hutiwa na mkaa maalumu, ambao huondoa harufu ya dawa ya klorini pale maji ya bomba yanapotiwa dawa hiyo.

Juu ya kopo mna kitasa kidogo cha kuzungushwa, chenye namba. Kazi yake ni kuruhusu sehemu ya maji ipite pembeni bila kuguswa na rezini, kisha ichanganyike na yaliyokwisha kusafishwa. Msidhani ni hasara. Kahawa hupenda chokaa kidogo. Maji yasiyo na kitu kabisa hutoa kahawa chapwa, na tena huila metali ya mashine. Maji yenye chokaa nyingi nayo huua ule uchachu mwema wa kahawa. Iliyo bora ni kati na kati.

HESABU NILIYOKOSEA

Sasa nifike penye kosa langu.

Kopo letu limeandikwa kwamba hufaa kwa lita 3,000. Nilipiga hesabu nyepesi: lita 20 kwa siku, siku 25, ni lita 500 kwa mwezi, basi lita 3,000 ni miezi sita. Nikaandika katika daftari: kopo litabadilishwa kila Juni na kila Desemba. Kamati ikakubali, maana hesabu ilionekana nzuri na ya kubana matumizi.

Lakini chini ya ule mwandiko mkubwa palikuwa na mwandiko mdogo, nami sikuutilia maanani. Ulisema kwamba hizo lita 3,000 ni kwa maji ya ugumu wa digrii 10. Maji yetu ni digrii 16. Punje za rezini hazihesabu lita, zahesabu jiwe. Ghala la magunia mia hujaa kwa magunia mia, yakija kwa wiki moja au kwa miezi miwili. Hesabu ya haki ni hii: 3,000 mara 10, gawa kwa 16, jawabu ni lita 1,875. Kwa matumizi ya lita 500 kwa mwezi, kopo letu huishiwa na nguvu kabla ya mwezi wa nne kwisha.

Na ubaya wa kopo ni huu, kwamba likichoka halipigi kelele. Maji huendelea kupita, meupe vile vile. Hakuna taa inayowaka wala kinachovuja. Maana yake ni kwamba katika kila miezi sita, miezi miwili na zaidi mashine yetu ilikuwa ikinywa maji ya kisima kama yalivyo, na sisi tukidhani imelindwa.

Juu ya kosa hilo nikaongeza la pili. Kopo lililofungwa Desemba 2023 lilipasa kubadilishwa Juni 2024, hata kwa ile hesabu yangu mbovu. Lakini kazi za karafuu zilipozidi, mawazo yangu yote yalikuwa katika majamvi na mizani, nikaliacha. Mwezi wa Septemba bibi yetu anayepika kahawa barazani alinijia akasema: "Katibu, mvuke umepungua, na kikombe hakijai upesi kama zamani." Nilimjibu kwamba ni umeme, siku hizi una nguvu ndogo. Alinyamaza akarudi kazini. Wiki mbili baadaye alinijia tena akasema mashine yanguruma isivyo kawaida, nikamjibu jibu lile lile. Yeye aliisikia mashine kila siku kwa masikio yake. Mimi niliijua kwa karatasi.

Mwezi wa Novemba koili iliungua. Fundi alipolifungua boila alinionyesha: koili ilikuwa nene kama kidole gumba, nyeupe, na alipoigonga kwa bisibisi likaanguka gamba la jiwe. Nimeliweka gamba hilo ofisini, katika kabati la vitabu vya hesabu. Kila mwanachama apendaye na aje alitazame. Ni jiwe lile lile lililo chini ya mashamba yetu, lililoyeyushwa na mvua, likaja kujijenga upya katika mali ya Chama.

Nilikiri haya mbele ya Kamati, na leo nayakiri mbele yenu. Fedha za makopo hazikupotea. Zilizopotea ni fedha za kutengeneza mashine, na zilipotea kwa sababu makopo yalinunuliwa machache kuliko ilivyopasa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, nasi tumejenga.

KOPO LISILOWEZA KUFANYA

Kwa kuwa wanachama wengine wana vyumba vya wageni na wanafikiri kununua mashine zao, nawapa tahadhari tatu.

Kwanza, madukani kuna makopo ya bei ndogo yenye nyuzi nyeupe za pamba au plastiki ndani. Hayo ni ya kuzuia mchanga na matope tu. Yana faida yake, na yafaa kutangulia mbele ya kopo la rezini ili lisizibwe na tope. Lakini chokaa iliyoyeyuka huyapita kama ilivyopita chumvi katika kifumbu. Muulizeni muuzaji: kopo hili hupunguza ugumu wa maji, na kwa lita ngapi za digrii ngapi? Asiyeweza kujibu, msinunue kwake.

Pili, kopo la rezini haliondoi chumvi ya bahari. Visima vilivyo karibu na pwani, au vinavyovutwa kupita kiasi wakati wa kiangazi, huingiliwa na maji ya bahari. Chumvi hiyo hupita katika kopo bila kuguswa, na hula chuma cha boila, hata kile kisichoshika kutu upesi. Maji yakiwa na ladha ya chumvi ulimini, msiyatie katika mashine. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchanganywa na maji kidogo ya kisima, au mtambo mkubwa unaosukuma maji katika utando mwembamba na kuiacha chumvi nyuma, nao gharama yake ni nyingine.

Tatu, kopo haliui vijidudu. Maji yatakayoingia katika kopo yawe tayari ni ya kunyweka. Na kopo likikaa na maji wiki nyingi bila kutumika, ndani yake huweza kuota uchafu. Baraza likifungwa kwa muda mrefu, siku ya kufungua maji ya kwanza yamwagwe, lita kadhaa, kabla ya kupika kahawa ya mtu.

KANUNI MPYA ZA BARAZA LETU

Kamati imezikubali kanuni hizi, nazo zimebandikwa ukutani karibu na mashine.

1. Kila kopo jipya litaandikwa kwa kalamu siku lilipofungwa na namba ya lita iliyosomwa katika mita. Tumefunga mita ndogo ya maji nyuma ya mashine, ili tusikisie tena.

2. Kopo litabadilishwa likifika lita 1,800, hata kama mwezi haujafika. Zile 75 zilizosalia tumeziacha kuwa akiba.

3. Kila Jumatatu ya pili maji yaliyokwisha kupita katika kopo yatapimwa kwa karatasi za kupimia ugumu. Karatasi huchovywa, hubadilika rangi, na rangi hulinganishwa na ile iliyo katika kasha. Ugumu ukianza kupanda, kopo limechoka, na litatolewa siku hiyo hiyo bila kungoja mita.

4. Ugumu wa kisima wenyewe utapimwa mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na mwisho wa kiangazi, maana maji ya kisima si lazima yawe yale yale mwaka mzima. Ukibadilika, hesabu ya lita itapigwa upya.

5. Kopo moja jipya litakuwamo kabatini wakati wote. Tusije tukangoja meli au duka.

6. Mpika kahawa akisema mashine imebadilika, mashine itazimwa na fundi ataitwa. Neno lake litaandikwa katika daftari, pamoja na jibu alilopewa na jina la aliyejibu.

Kanuni ya sita niliiandika mimi mwenyewe, na wote mwajua kwa nini.

Kwa hesabu hii tutatumia makopo matatu mpaka manne kwa mwaka, badala ya mawili niliyoyaweka zamani. Basi katika hesabu za mwaka ujao mtaona fedha za makopo zimeongezeka, wala hazikupungua. Msishangae. Linganisheni na mstari wa matengenezo uliotuumiza.

NYUMBANI JE?

Wengine wameniuliza kama na wao wanunue makopo kwa ajili ya birika. Kwa birika la kawaida, hapana haja. Kamueni ndimu mbili tatu katika maji, au tieni siki kidogo, muache usiku kucha, asubuhi sugueni na kusuuza vizuri. Ule ukali wa ndimu hulila jiwe, mkaona na vipovu vikipanda: hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka. Ni kazi ile ile ya mvua chini ya shamba, ila kwa haraka.

Lakini msiimimine siki katika mashine ya kahawa. Harufu yake hukaa, na huweza kudhuru mipira ya kuzuia maji. Kwa mashine hutumika unga wa asidi ya ndimu au dawa iliyotajwa na mtengenezaji, kwa kipimo chake, na kwa maji yasiyo moto. Asidi ya ndimu ikitiwa kwa maji ya moto huweza kushikana na chokaa ikafanya tope jingine gumu kutoka. Na mashine yenye ukoko mnene isisafishwe na mtu asiyejua, maana vipande vikibanduka huenda kuziba vile vitundu vyembamba. Mwiteni fundi afungue.

Mwenye hita ya maji ya kuogea, pasi ya mvuke, au boila la kukamulia mafuta ya makonyo, na akumbuke kwamba sheria ni moja. Kila chombo kinachochemsha maji magumu mchana kutwa hujenga jiwe ndani yake, nacho chahitaji ama maji yaliyolainishwa, ama kufunguliwa na kusafishwa kwa wakati.

Namrudia mzee wetu. Maji ya kisima chetu ni mema, na tuendelee kuyanywa kama walivyoyanywa wazee. Kopo si kwa ajili yetu, ni kwa ajili ya mashine, ambayo haina tumbo la kuhimili jiwe kama tumbo letu. Na yule aliyesema chini chini huko nyuma, nimemsikia, na simlaumu. Mwenye mali ana haki ya kuuliza. Daftari la lita, risiti za makopo na lile gamba la jiwe vyote viko ofisini, na mlango hufunguliwa kila siku ya kazi saa mbili asubuhi.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama